Mkia Uliobaki Matopeni: Picha za Kale na Majengo Yaliyotoweka katika Mji wa Dodoma

Utangulizi

Wazee wa Ugogo husimulia asili ya jina la Dodoma kwa namna mbili. Simulizi ya kwanza yasema kwamba tembo alishuka kijitoni kunywa maji, akazama matopeni asiweze kutoka, na watu waliomwona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya", yaani amedidimia. Simulizi ya pili ina hila ndani yake. Yasemekana kwamba Wagogo walitwaa ng'ombe wa jirani zao Wahehe, wakawachinja na kuwala, wakabakiza mikia tu. Wenye mali walipofika wakifuata nyayo, walionyeshwa mikia iliyochomekwa katika tope, wakaambiwa kwamba ng'ombe wao wamedidimia.

Simulizi hii ya pili husimuliwa kwa kicheko, lakini yafaa kuwa somo la kwanza kwa mtu anayetaka kujifunza historia kwa njia ya picha za kale. Mkia ule ulikuwa mkia wa kweli, wa ng'ombe wa kweli. Macho ya aliyeutazama hayakumdanganya. Alidanganywa na maelezo aliyopewa juu ya kile alichokiona. Picha ya kale ni mkia wa namna hiyo: ni kipande halisi cha jambo lililokuwapo, ila yupo mtu aliyekichomeka mahali tunapokikuta.

Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba picha zilizobaki na majengo yaliyotoweka vimesaidia, mara nyingi pasipo mtu kukusudia, kujenga fikra kwamba Dodoma ilikuwa mahali patupu kabla ya reli, na tena patupu kabla ya makao makuu. Picha zizo hizo, zikisomwa kwa uangalifu pamoja na wazee, zaweza kushuhudia kinyume chake. Jambo hili haliwahusu wanahistoria peke yao. Mahali panapoitwa patupu, wenyeji wake hawaulizwi neno.

Kamera ya mpita njia

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kampuni ya Philipp Holzmann ya Ujerumani ndiyo iliyoijenga, na sehemu kubwa ya kazi ya mikono ilifanywa na vibarua Waafrika, wakiwamo Wanyamwezi wengi. Kwa reli hiyo Dodoma ilipata kuwa mji. Kabla ya hapo vituo vilivyojulikana zaidi kwa wageni katika nchi hii vilikuwa Mpwapwa na Kilimatinde.

Wapiga picha walikuja kwa njia iyo hiyo. Anayejulikana sana miongoni mwao ni Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi hiyo katika koloni lao la Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mkusanyo wake umehifadhiwa leo katika Bundesarchiv, yaani Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, na sehemu yake yaweza kutazamwa na mtu yeyote kwa njia ya intaneti. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo inatunza picha zipatazo 55,000 za iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani. Picha za wamisionari wa Leipzig, ambao mwaka 1911 walifungua kituo cha Ruruma huko Iramba katika nyanda hizi za kati, zimo pamoja na za misheni nyingine katika hifadhi ya picha za kimisionari ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani.

Msomaji ataona kwamba hifadhi hizi zote ziko ng'ambo. Hilo lina sababu. Picha nyingi zilipigwa ili zitazamwe Ulaya: na wenye hisa za makampuni, na wanunuzi wa kadi za posta, na Wakristo waliochangia misheni. Kila mmoja wa hao alitaka kuona tunda la fedha yake. Kwa hiyo kamera ilitafuta stesheni, daraja, boma, kanisa jipya na shule. Vitu hivyo ndivyo vilivyohesabiwa kuwa habari.

Aidha, Dodoma ilikuwa njia panda. Reli ilipita kutoka mashariki kwenda magharibi. Barabara kuu ilitoka kaskazini kwenda kusini. Na katika miaka ya 1930 hata ndege za Imperial Airways zilizosafiri baina ya Nairobi na kusini mwa Afrika zilitua hapa. Mpita njia hupiga picha ya kile kinachoonekana toka dirishani au toka barazani mwa hoteli. Hakai hadi jioni ng'ombe warudi.

Picha za kiangazi

Tuangalie sasa jambo dogo ambalo wengi hulipita, nalo ni majira. Mvua za Dodoma hunyesha katika msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Katika miezi hiyo nchi hugeuka kijani. Mtama na uwele husimama kupita kichwa cha mtu, na mito ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu hufurika. Lakini katika miezi hiyo hiyo barabara za zamani zilikuwa hazipitiki na mwanga haukuaminika. Msafiri mwenye sanduku la kamera na vioo vyake alichagua kiangazi.

Matokeo yake ni kwamba picha nyingi za Ugogo zinaonyesha ardhi kavu, mibuyu iliyopukutika majani na upeo wa macho usio na kitu. Mchana wa kiangazi mifugo ilikuwa mbali malishoni na visimani, na vijana walikuwa pamoja nayo. Mtazamaji wa Berlin au London, na baadaye mpangaji wa mji aliyekuja na vitabu vyenye picha hizo, aliona nchi isiyo na watu. Aliona Agosti, akaidhania kuwa mwaka mzima.

Maandishi ya kale yanakataa dhana hiyo. Burton na Speke waliovuka Ugogo mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, waliandika juu ya nchi yenye watemi waliodai hongo kwa kila msafara uliopita. Siku hizi neno hongo ni aibu, kwa maana ya rushwa. Wakati ule lilikuwa ushuru halali wa njia, wa maji na wa amani. Misafara ya mamia ya watu ilinunua nafaka huku kabla na baada ya mbuga kavu. Hakuna mtu awezaye kutoza ushuru mahali pasipo mamlaka, wala kuuza chakula mahali pasipolimwa.

Tembe, jengo lisiloacha kifusi

Tunapozungumza juu ya majengo yaliyotoweka, fikra zetu huenda kwa majengo ya mawe na saruji. Hata hivyo, jengo lililotoweka kwa wingi kuliko yote mahali ulipo mji huu ni tembe. Kwa wanafunzi waliotoka mikoa mingine, nieleze kwa ufupi. Tembe ni nyumba ya miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo, yenye paa bapa la miti lililofunikwa udongo pia. Vyumba vyake hupangwa kwa mstari kuzunguka ua, na ndani ya ua huo ng'ombe hulala usiku. Ni nyumba ya watu na ya mali yao chini ya ulinzi mmoja. Yafaa katika nchi ya jua kali, upepo, uhaba wa nyasi ndefu za kuezekea na hatari ya kuvamiwa.

Tembe lina sifa mbili zinazolifanya kuwa adui wa kamera. Kwanza, ni fupi, na paa lake lina rangi ya ardhi iliyo chini yake. Mtu aliyesimama juu ya kilima na kuelekeza kamera bondeni aliweza kupiga picha ya makazi mengi asiyaone. Pili, tembe halina magofu. Likihamwa, miti iliyo mizima huchukuliwa kujengea jingine. Udongo wa kuta huyeyuka kwa mvua chache na kurudi ulikotoka. Palipokuwa zizi hubaki udongo wenye rutuba, na mwenye kujua hupanda mahindi au mtama hapo. Baada ya miaka kumi ni mzee tu awezaye kukuonyesha mahali mlango ulipokuwa.

Basi tulinganishe. Jengo la stesheni likibomolewa, hubaki ramani, barua, hesabu za gharama na picha. Tembe likitoweka, hakuna faili linalofungwa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yenyewe huyahesabu moja kwa moja kuwa kumbukumbu majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863; yaliyojengwa baadaye huhitaji kutangazwa. Kwa kipimo hicho mji wote wa Dodoma uliozaliwa na reli uko nje ya mlango, na tembe, ambalo kwa asili yake hujengwa upya kila baada ya miaka kadhaa, haliwezi kuukaribia mlango huo kabisa, ingawa ufundi wake ni wa kale kuliko reli.

Yasiyopigwa picha

Majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Picha za vita hivyo zipo: maofisa, mizinga, magari yaliyokwama, askari katika mistari. Lakini vita viliwafikia Wagogo kwa njia nyingine. Pande zote mbili zilichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, maghala yalikuwa matupu na mikono ya kulima ilikuwa imepungua. Ndipo ikaja njaa ya miaka 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza kwa kina, aeleza kwamba makadirio ya wakati ule yalitaja vifo vya watu wapatao 30,000, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao 150,000.

Katika picha zote za Dodoma nilizopata kuziona, sijaiona Mtunya. Nimeona stesheni ya miaka iliyofuata, barabara yenye maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi, na watu waliovaa vizuri mbele ya kanisa. Yeyote atakayetunga historia ya mji kwa picha hizo tu atapita kutoka 1916 hadi 1925 kana kwamba palikuwa na amani. Watu wachache walioonekana uwandani katika picha za miaka ya 1920 walikuwa wachache kwa sababu wengi walikuwa wamezikwa au wamehama. Utupu ule ulikuwa jeraha, na kamera iliupiga kama sura ya nchi.

Ukame mmoja wa picha hufuatwa na wingi wake mahali pengine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha huko Kongwa, mashariki ya Dodoma, mradi mkubwa wa karanga, na magazeti ya Uingereza yalijaa picha za matrekta yakiangusha misitu. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36. Reli ya tawi iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa baadaye. Picha za matrekta zimebaki, zikisimulia mwanzo bila mwisho.

Mji uliopangwa upya

Mwaka 1973, baada ya matawi ya TANU kuulizwa, iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka uo huo iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 ukatoka mpango mkuu uliotayarishwa na kampuni ya Kanada, Project Planning Associates. Wazo lake lilikuwa jema: mji wenye unyenyekevu, kama kijiji kikuu cha taifa la vijiji. Miaka michache kabla ya hapo, katika Operesheni Dodoma iliyoanza mwaka 1970, wananchi wengi wa mkoa huu walikuwa wamehamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika kwenda vijijini, wakihimizwa kuacha tembe na kujenga nyumba zilizohesabiwa kuwa bora. Hivyo katika muda mfupi makazi ya zamani yaliondolewa mara mbili: kwanza na kijiji kipya, kisha na ramani ya mji mpya.

Siko hapa kulaumu. Visima, shule na zahanati vilivyofuata ni baraka, na wengi wetu tumesomeshwa navyo. Nataka tu kuonyesha jinsi fikra ya mahali patupu ilivyokuwa na nguvu katika maisha ya watu. Kwa miongo mingi mkazi wa mji huu alipewa hati ya kiwanja ya miaka 33, wakati Mtanzania wa mji mwingine aliweza kupewa ya miaka 99. Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017, na utaratibu wa hati ukabadilishwa. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini; ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Kasi kama hiyo haiwezi kukosa kubomoa. Nyumba za Makole, ambako ninaishi, zabadilika mwezi kwa mwezi. Nyumba ya vyumba sita ya matofali ya udongo huondoka, na ghorofa huinuka mahali pake.

Aidha, jengo laweza kutoweka likiwa bado limesimama. Wazee wa hapa waliisoma Alliance Secondary School. Watoto wao waliiita Mazengo, kwa jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi. Wajukuu wao tangu mwaka 2007 wanaiita Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mahali ni pamoja, lakini kila kizazi huona jengo jingine. Picha isiyo na tarehe wala maelezo haiwezi kutuambia ni lipi kati ya hayo.

Ungamo la mchungaji

Ni vema niseme pia makosa yangu. Nilipokuwa mchungaji kijana katika usharika ambao sitautaja, tulikuwa na kanisa dogo la matofali ya udongo lililojengwa na Wakristo wa kwanza wa mahali pale kwa mikono yao. Lilikuwa limepasuka, nasi tulihitaji nafasi. Baraza la wazee liliamua libomolewe, nami niliunga mkono kwa furaha. Siku ya kuweka jiwe la msingi la kanisa jipya tulipiga picha nyingi: askofu, wageni, kwaya, jiwe. Hakuna aliyekumbuka kupiga picha ya kanisa la zamani.

Miaka ilipita. Siku moja bibi mmoja, aliyebatizwa katika kanisa lile, aliniuliza, "Baba Mchungaji, hivi kanisa letu lile la kwanza lilikuwa na madirisha mangapi?" Nikamjibu kwamba yalikuwa manne. Akatikisa kichwa, akasema, "Sita. Mume wangu alitengeneza miimo yake." Tuliwauliza wengine. Mmoja alisema manne, mwingine matano. Yule bibi hakuendelea kubishana. Alisema tu, "Basi, imekwisha." Mume wake alikuwa amefariki, na kazi ya mikono yake haikuwa na shahidi mwingine.

Nimejifunza tangu hapo kwamba picha za siku ya kuweka jiwe la msingi zilikuwa mkia niliouchomeka mimi mwenyewe. Mtu atakayezikuta baada ya miaka mia atasema kwamba Ukristo mahali pale ulianza na jiwe lile, na kabla yake palikuwa uwanja mtupu. Sisi tunaowalaumu wapiga picha wa kikoloni tumefanya lilo hilo katika sharika zetu wenyewe.

Namna ya kuisoma picha

Tufanyeje basi? Mwanafunzi atakayepata picha ya kale, iwe ya kanisa, ya stesheni au ya familia, namshauri aiulize maswali matano. Nani aliishika kamera, na alisimama wapi? Ilipigwa kwa ajili ya macho ya nani? Nani ametajwa jina katika maelezo yake, na nani ameitwa "mwenyeji" tu? Ni majira gani ya mwaka na saa gani ya siku? Na mwisho, ni nini kilichokatwa na ukingo wa picha?

Kisha aichukue kwa mzee, akae naye kitako, asiwe na haraka. Asimwambie kwanza yaliyoandikwa nyuma. Mara nyingi mzee hataanza na jengo. Ataanza na mti uliokuwa karibu nalo, au na mtu aliyeuza maji pale, au na njia iliyopita nyuma yake kwenda kisimani. Kwa njia hiyo ukingo wa picha hufunguka. Majina na tarehe yaandikwe nyuma ya nakala kwa penseli, na nakala moja itunzwe ofisini mwa usharika pamoja na daftari la ubatizo, ambalo nalo ni hazina ya majina ya watu na ya mitaa isiyokuwapo tena.

Hitimisho

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kujenga. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka akikagua kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea, ndipo akawaambia wakuu juu ya kazi. Aliyaona magofu kabla ya kuleta ramani. Dodoma yetu haina magofu mengi ya kukagua, maana nyumba zake za kale zilirudi udongoni kimya kimya. Magofu yake yamo katika vichwa vya wazee, na baadhi yao wamelala wodini wiki hii.

Wanafunzi wetu wanapokwenda likizo, wachukue simu zao, ambazo kila moja ni kamera, wapige picha ya kanisa la udongo kabla ya kuomba michango ya jipya, na ya tembe la mwisho kijijini kabla mwenyewe hajalihama. Wapige wakati wa masika, nchi ikiwa kijani, na jioni ng'ombe wakiwa ndani ya ua. Tena wahesabu madirisha.